Kiti cha Mtu Aliye Hai

Tunduma, dukani kwa Mzee Athuman
8 Februari 1976

Kaka Fanueli,

Mwapoleni mukwai, ndivyo wanavyonisalimia wateja wangu wa Nakonde, upande wa Zambia, wakitaka niwapunguzie bei. Mdogo wako Enoka ni mzima, ukiacha jino moja la mbele lililobaki mpakani. Juzi nilikuwa navusha sabuni, nimeifunga tumboni chini ya shati kama mama mjamzito. Askari akaniuliza, "Mimba ya miezi mingapi?" Nikamwambia, "Afande, nasubiri siku yoyote." Akanizalisha palepale, akachukua mche mmoja wa sabuni yangu mwenyewe akanipiga nao mdomoni. Nimepigwa, lakini nimepigwa kisafi.

Mzee Athuman anakusalimu, maana barua zetu zote zinapita kwenye sanduku lake. Mama anakusalimu kutoka Msangano, mgongo ndio unamsumbua. Osea mtoto wa baba mdogo naye anakusalimu, kwa sikio moja.

La pili amelitafuna Leah.

Kaka, wewe unajua nusu tu ya habari za dada. Unajua kwamba mwaka juzi, wakati wa Operesheni, mgambo walikuja kuhamisha watu kwenda kijiji kipya, wakachoma nyumba za zamani, na paa likamwangukia shemeji Boazi. Unajua tangu siku hiyo Leah hajatoa neno. Usichojua, kwa sababu mama alinikataza kuandika, ni mikono yake. Mtu yeyote anayenuka moshi anamrukia. Mwaka jana alimvunja jirani mkono kwa mchi wa kutwangia. Sasa Osea katoka kuchoma mkaa, mjinga yule, kaenda moja kwa moja kumsalimia na moshi wake. Tumemtoa Leah mdomoni kitu ambacho hata mbwa alikikataa.

Mama amemfunga kiunoni kwa kamba ya ngozi, kwenye nguzo ya katikati ya nyumba. Mwanangu mkubwa akimwona anajikojolea. Na mwenyekiti wa kijiji kipya, Hezron, ndiye yuleyule aliyeongoza mgambo siku ile, siku hizi anavaa kalamu mfukoni, ametuambia hivi: damu nyingine ikimwagika, polisi wanamchukua. Anapelekwa kule wanakofungiwa vichaa waliotoa damu. Huku hatujamwona hata mmoja aliyerudi kutoka huko.

Mama anawaambia watu wote kanisani kwamba wewe ni daktari wa vichwa huko Kanada. Basi kichwa ndicho hiki. Tuambie tufanyeje.

Mdogo wako,
Enoka Simwinga


Kanada, 30 Machi 1976

Mdogo wangu Enoka,

Barua yako imenikuta theluji iko magotini. Sisi ni wazima, mke wangu anawasalimu, watoto wanauliza kama Tunduma kuna twiga. Nimewajibu kwamba kuna malori. Mwambie mama asibebe ndoo kichwani mpaka mgongo upoe.

Habari ya Leah niliisoma nimesimama. Lakini umweleze mama taratibu kwamba mimi si daktari. Nafundisha saikolojia, na naandika habari za matabibu wakubwa wanaoponya watu kwa maneno: walitoka wapi, walivumbua nini, waligombana na nani. Vitabu viwili vimetoka. Cha tatu ndicho kitakachoamua kama chuo kinanipa kazi ya kudumu au nafunga mizigo.

Hicho cha tatu ni cha mzee mmoja, Dokta Hollmann. Yeye mgonjwa aliyefungwa kauli humkalisha mbele ya kiti kitupu. Humwambia, "Yule aliyekuumiza amekaa pale. Mwambie." Basi. Nimeona kwa macho yangu mwanamume aliyekuwa bubu tangu vita. Alikitukana kile kiti mpaka akalia, akarudi nyumbani kwa mkewe anaongea.

Jaribuni. Hakina madhara, ni kiti tu. Na tafadhali, Enoka, niandikie kila neno atakalosema, kwa mpangilio wake, hata matusi.

Kaka yako,
Fanueli


Tunduma, 16 Mei 1976

Kaka Fanueli,

Salamu kwa shemeji na watoto. Waambie twiga tulikuwa naye, akaona foleni ya mpakani akarudi Ruaha. Biashara inakwenda kwa kuchechemea. Mwanangu mdogo ameota meno, kwa hiyo lile nililopoteza halijatoka ukooni.

Sasa shika kiti chako ukae vizuri, maana hii ni habari ya kiti.

Kaka, umekaa mno na watu wenye viti. Kwa mama kuna vigoda na mkeka. Nikaona dawa ya kizungu isije ikaharibika kwa sababu ya kigoda. Kiti chenye mgongo kijiji kizima ni kimoja, kipo ofisini kwa Hezron. Nikamfuata. "Mwenyekiti, kiti chako kinalia kama kuku anayetaga, watu wanacheka mkutano ukianza. Nikupigilie misumari?" Akafurahi, akanitwisha kichwani kwa mikono yake mwenyewe.

Nilipokiweka katikati ya nyumba, kitupu, mama alikaa chini.

"Enoka, nani amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Mbona unamwandalia mtu?"

Kaka, sijui kama unakumbuka. Sisi marehemu ndiye anayewekewa kigoda kitupu. Tunamwaga pombe ya ulezi chini, tunamwita jina, tunamwambia yaliyobaki moyoni ili aende asigeuke nyuma. Mama akasema, "Mtu hai haitwi kitini. Ukimwita umeshamzika, kilichobaki anatembeatembea tu." Nikamwambia, "Mama, Fanueli ndiye amesema. Kwao ni dawa." Akanyamaza. Likitajwa jina lako mama huwa ananyamaza.

Nikamgeuzia Leah uso kwenye kiti. Nikasema kama Hollmann wako: yule aliyekuumiza amekaa pale, mwambie. Nilikuwa nataka kucheka, kweli. Leah akakitazama. Akanusa. Kile kiti kina mafuta ya nywele za Hezron pale nyuma, kila mtu anayajua. Akafungua mdomo, sauti ikatoka kama mlango wa ghala.

Umetaka kila neno. Haya: "Hezron. Boazi alitoka. Mikono inawaka, ametoka. Alikushika mguu akasema ndugu yangu. Ukampiga na kitako cha bunduki kifuani, akaanguka ndani. Akatoka tena. Ukachukua mti wa boriti ukamsukumia ndani, kama mtu anasogeza kuni. Ukaushikilia. Ukaniambia nikisema, nitamfuata."

Hilo ndilo paa lililomwangukia shemeji.

Tulikuwepo mimi, mama, Osea kule mbali mlangoni ameziba sikio lililobaki, na majirani dirishani. Halafu Leah akanyoosha mkono, akasema, "Mchi." Na aliyempa ni mama. Mama mwenyewe! Nimeona ng'ombe akichinjwa, nimeona lori limelalia watu barabarani, sijaona kitu kikiuawa vile. Mgongo wa kiti, miguu, kila msumari. Vibanzi vilitupata usoni.

Alipomaliza akalala. Alipoamka akaomba maji ya kuoga, nikampa sabuni, ile pacha iliyonusurika kuzaliwa. Akaoga, akasuka nywele, akamwuliza Osea, "Sikio linauma?" Osea akasema, "Lipi? La kwako au la kwangu?" Dada akacheka, kaka. Leah alicheka. Kamba mama ameitupa chooni.

Msalimie Hollmann. Mwambie dawa imeingia. Ila kiti cha watu sasa ni kuni, na maneno yameshapita dirishani.

Enoka


Tunduma, 9 Juni 1976

Kaka Fanueli,

Usishangae mwandiko, leo naandika na mkono wa kushoto, nao hawajaupeleka shule kabisa. Watoto wazima. Mzee Athuman mzima, ndiye ananishikia karatasi isihame. Mama hasimami.

Hezron alisikia kwamba ameitwa kitini. Si kingine, kiti chake mwenyewe. Wanasema siku ile hakumaliza ugali wake, kila akimeza unarudi. Mashavu yakabonyea. Watu wakaanza kumpisha njia kama anavyopishwa maiti. Mke wake akahamia kwa dada yake. Kaka, mimi bado naona ni kiti, lakini yule mtu anakufa anatembea.

Akaja kwa mama na mgambo wake. Akamwambia Leah amtoe. Kumtoa ni hivi: aliyekuita kitini akunyweshe pombe kwa mkono wake mbele ya watu wote, akuite jina, aseme kaa na wazima. Leah akamjibu taratibu kabisa, "Nitakunywesha. Kwanza waambie ulimfanyia nini Boazi."

Hezron hakusema. Alimsukuma mama, akaangukia kinu na nyonga ikalia kama ukuni. Mimi wakaniwekea mkono wa kulia juu ya kinu hichohicho. "Nani kawafundisha uchawi wa kiti?" Kitako cha bunduki, kidole. "Nani?" Kidole. Nikasema nimejifundisha mwenyewe. Wakacheka, wanajua niliishia darasa la nne. Jina lako sikulitoa, kaka. Vidole vilipoisha wakaacha, nadhani walikosa pa kupiga.

Leah hakumgusa mtu siku ile. Walikuwa wananuka moshi wote, na hakugusa. Hapo ndipo nilipoamini amepona.

Hezron anataka apelekwe polisi kama mchawi na kama kichaa, vyote viwili. Ninachokuomba si kikubwa. Mwandikie mkuu wa wilaya barua yenye mhuri wa chuo chako. Maneno mawili tu: kiti ni dawa, na aliyesema wakitumie ni mimi Fanueli. Profesa akisema, watasikia. Fanya haraka, wewe ndiye mkubwa.

Enoka


Kanada, 20 Julai 1976

Mdogo wangu Enoka,

Barua zako mbili zimenifikia siku moja. Hapa ni kiangazi, watoto wako ziwani na mama yao. Pole sana kwa mkono. Pole kwa mama, asimame polepole na asikandwe na mtu asiyejua mifupa.

Ile ya Mei niliwatafsiria wenzangu kazini. Mmoja akapiga makofi. Hakuna aliyewahi kuona njia ya Hollmann ikifanya kazi mbali na kliniki namna hii. Dada yetu atakuwa na sura yake kwenye kitabu. Kwa hiyo niambie: aliongea Kinamwanga au Kiswahili? Alikitazama kiti muda gani kabla ya kusema? Mchi aliushika kwa mkono upi?

Kuhusu mkuu wa wilaya, fikiri kidogo. Mimi sina kibali cha kutibu. Ikijulikana nimetibu mtu kwa barua, kitabu kimekufa na mimi nimekufa nacho. Usimwonyeshe mtu barua yangu ya Machi.

Mwambie Leah amnyweshe yule bwana yaishe. Boazi hatarudi. Ni pombe tu.

Kaka yako,
Fanueli


Tunduma, 29 Agosti 1976

Kaka,

Wote wanakusalimu walio na nafasi.

Nilimsomea Leah pale penye "ni pombe tu". Akasema, "Kaka mkubwa amesema, sawa." Akaloweka ulezi, akapika pombe yake vizuri, siku zikatimia. Watu wakajaa uwanjani kwa mama. Hezron akaja, shati linamning'inia, ameshika panga, na mgambo wawili wamebeba debe la mafuta ya taa. Wakilisogeza, watu wanasogea.

Leah akachota kata ya pombe, akamsogezea mdomoni kabisa. Akamwambia, "Hezron, sema ndipo unywe. Neno moja. Sema alitoka."

Ulimi wake ulikuwa nje, kaka, kama wa mbwa. Nilimwonea huruma mtu aliyenivunja vidole.

Akasema, "Sikumgusa."

Leah akaimwaga pombe chini. Yote, polepole, kama anavyomwagiwa marehemu.

Hezron akapiga yowe, panga likaja. Osea aliingia katikati, sijui kwa nini, yule ambaye siku zote anakaa mlangoni. Limemwingia begani mpaka likagoma kutoka. Ndipo Leah akachukua mchi. La kwanza kichwani, la pili kichwani, mengine palipokuwa na kichwa. Hakuna aliyemshika. Mgambo waliweka debe chini wakasimama. Kijiji kizima kimesimama kama kinaangalia mvua.

Alipomaliza akausimamisha mchi kwenye kinu, akanawa, akamfunga Osea bega kwa kanga yake, akakaa kusubiri polisi. Osea alikata roho ndani ya Landrova ya misheni kabla hatujafika hospitali. Aliniambia, "Enoka, mwambie anirudishie sikio nizikwe kamili." Nilicheka, kaka. Nimecheka na yeye amekufa.

Leah yuko mahabusu Mbeya, kesi ya kuua. Akishindwa ni kamba. Wakili aliyepewa na serikali ni kijana mzuri, anasema kama atasimama mtu msomi aeleze ugonjwa wake na kwamba kile kiti kilikuwa tiba, hanyongwi. Nikamwambia ninaye, tena tumenyonya ziwa moja.

Njoo.

Enoka


Kanada, 11 Novemba 1977

Mdogo wangu Enoka,

Nisamehe kwa kimya. Barua zako tatu za mwaka jana na mbili za mwaka huu ninazo. Kazi ilinibana, na mtoto wetu wa pili aliugua mapafu, sasa mzima. Mama anatembea?

Kitabu kimetoka. Kimepokelewa vizuri kuliko nilivyotegemea na chuo kimenipa kazi ya kudumu. Nakutumia nakala moja. Sura ya tisa ni ya dada yetu, nimemwita L. tu, hakuna atakayemjua.

Kuhusu kuja mahakamani, naangalia uwezekano. Nijulishe tarehe.

Fanueli


Tunduma, 19 Machi 1978

Kaka Fanueli,

Tarehe tulikujulisha kwa barua na kwa simu ya maandishi, Mzee Athuman alisimama posta mwenyewe. Kwa hiyo hapo sitakaa.

Wanangu wazima. Mkono wa kushoto umehitimu, kama unavyoona. Mama anatembelea fimbo.

Kitabu kimefika, kizito, kimefunikwa kitambaa. Mwalimu Ishaka anayejua Kiingereza alitusomea sura ya tisa hapa dukani, anatafsiri kidogo kidogo. Umeandika vizuri. Mchi upo, kile kilio cha mlango wa ghala kipo, hata kucheka kwake kupo. Kisha L. anaoga, anasuka nywele, sura inaisha. Ishaka akafunua ukurasa unaofuata, akakuta picha ya mzee Hollmann na mbwa wake. Akauliza, "Mengine yako wapi?" Nikamwambia mengine sisi ndio tumebaki nayo.

Kesi ilikuwa Mbeya, wiki iliyopita. Tulikwenda na mama. Jaji mzee, macho yamechoka. Kwenye kizimba cha mashahidi wameweka kiti kwa ajili ya wazee. Mgambo wawili walikaa pale wakasema walichosema. Mimi nikakaa, nikaonyesha vidole. Nikasema kiti kilikuwa dawa. Jaji akauliza, "Dawa ya nani?" Nilikuwa na barua yako ya Machi mfukoni, kaka. Nikasema, "Yangu." Watu wakacheka. Kweli, mtu wa sabuni.

Jaji akamwuliza Leah kama ana shahidi mwingine. Leah akaonyesha kile kiti kitupu.

"Yupo pale," akasema.

Jaji akatazama. "Sioni mtu."

Leah akasimama akakigeukia. Hakupiga kelele. Akasema, "Fanueli. Ulinibeba mgongoni tukivuka mto kwenda shule, nilikuwa naogopa maji, ukaniambia nifumbe macho. Uliniambia niseme, nikasema. Uliniambia nimnyweshe, nikapika pombe. Nilikusubiri kila gari lililosimama. Sasa nimechoka kusubiri. Nenda, kaka. Nenda vizuri, usigeuke nyuma." Akaomba maji ya kunywa, askari akampa kikombe, akayamwaga sakafuni mbele ya kiti.

Jaji aliandika muda mrefu. Akasema mtu anayeongea na kiti kitupu mbele ya Mahakama Kuu si mtu wa kunyongwa. Akaamuru apelekwe kule kwa vichaa waliotoa damu, mpaka serikali itakapoona inafaa. Kulekule tulikokuwa tunamkimbiza tangu barua ya kwanza. Lakini shingo anayo. Hollmann wako amempa shingo, wewe hukumpa kitu.

Walipomfunga pingu akanipungia mkono. Akasema, "Enoka, huko kuna viti vingi, sitakosa wa kuongea naye." Ni dada yangu kabisa yule.

Tulipofika nyumbani mama aliomba wembe. Nilimwambia, "Mama, Fanueli mzima, ana kazi ya kudumu." Akaniambia, "Ameitwa kitini, tena mbele ya serikali." Amenyoa kichwa chote. Majirani wameleta unga na kuni. Mchungaji amekataa kuja, akisema hakuna maiti, mama akamwambia hata wewe ukisema habari za kaburi tupu hatukudai maiti.

Kwa hiyo hii naandika kwa marehemu, na kwa kuwa sijui posta yenu huko inapita wapi, nimetumia anwani ileile. Ukitaka kurudi kwa wazima, aliyekuita ni Leah, na ni yeye tu anayeweza kukunywesha. Wauguzi wa kule kwa vichaa wanasema wageni wanaruhusiwa. Ulezi nitaleta mimi.

Mdogo wa marehemu,
Enoka Simwinga